Maneno Yaliyoambiwa Minyaa

Jumatatu, 12 Mei 2025

Pamba imekauka vizuri. Ukitafuna mbegu inalia mdomoni, ndiyo dalili kwamba haina maji. Leo tumeanza kuijaza ghalani.

Mnunuzi wa msimu huu ni kampuni moja ya Maswa. Wametuletea mizani ya umeme na kuifunga kwa lakiri kwenye sakafu ya ghala, ili asiwepo wa kuihamisha. Mzigo ukipimwa, mizani hutuma uzito kwa intaneti kwenye ukurasa wao, na ukurasa hujibu siku ambayo lori litakuja. Uzito usipofika, lori haliji. Simu hapa kwetu, upande huu wa Nkololo, hushika kilimani tu, tena kwa kupiga na kupokea basi. Kwa hiyo kikundi kizima kinategemea mnara wa Salvatory.

Salvatory ni mtoto wa Kwandu, na Kwandu ni binti wa baba yangu mdogo. Kijana ni wakala na fundi wa kampuni ndogo ya intaneti ya Bariadi. Mnara wake umesimama katika kaya ya mama yake, ng'ambo ya ua wangu wa minyaa. Ni mpwa wangu. Anaongea haraka, anacheka kabla wenzake hawajacheka, na sentensi zake huzimalizia kwa mabega.

Mimi ni katibu wa kikundi cha pamba. Ni katibu pia wa nzengo, jumuiya ya kaya zetu, ambayo hujenga pamoja, hulima pamoja, huzika pamoja na huadhibu pamoja. Kanuni zake niliziandika mimi nilipostaafu ualimu. Zilikuwa zimesambaa vinywani mwa watu, kila mmoja na zake.

Jumatano, 14 Mei

Mizani inapima lakini haitumi.

Ijumaa, 16 Mei

Nilipanda kilimani kupiga simu Maswa. Alipokea mwanamke aitwaye Justina, mwenye sauti ya mtu anayekula.

"Baba, vikundi vingine vyote vinaingia. Muulizeni anayewauzia intaneti."

Nilimwomba aandike malalamiko yangu. Akasema ameyaandika. Sikusikia kalamu wala kitufe.

Jumapili, 18 Mei

Baada ya Misa tulikutana ghalani. Mwenyekiti wetu Mayunga alimwita Salvatory ajieleze. Alikuja na kofia kichwani.

"Wazee, intaneti ipo," alisema. "Fungueni kitu kingine chochote, kinafunguka. Ni ukurasa wa Maswa tu."

Alieleza kwamba kila kifaa kwenye intaneti lazima kiwe na anwani yake. Anwani za zamani zimekwisha, na mwezi wa nne kampuni yao iliwahamishia wateja wote kwenye anwani mpya, zile ndefu.

"Sasa huyu wa Maswa ametangaza kwamba naye ana anwani mpya. Ametangaza tu! Ukifika, hakuna anayeitika. Kachora mlango ukutani. Wenye anwani za zamani wanapita mlango wa zamani, ndiyo maana Lalago wanauza. Ninyi mnapelekwa kwenye ule wa kuchorwa."

"Basi turudishe kwenye za zamani," alisema Mayunga.

"Haiwezekani."

"Haiwezekani, au hutaki?"

Salvatory alicheka. "Nikiwarudisha ninyi, kesho Nkololo nzima inataka. Ofisi imesema kosa la mwenye ukurasa siyo letu. Wao watengeneze mlango wao."

"Na pamba yetu?"

"Mimi silimi pamba, Mwenyekiti."

Watu walinung'unika. Ndipo akanigeukia mimi. Alisema amewapigia Maswa mara nyingi, nao wanamjibu kwamba hupokea malalamiko kutoka kwa katibu wa kikundi tu.

"Mjomba, panda kilimani useme maneno haya: anwani mpya ya ukurasa wenu haijibu, ifuteni au iwasheni. Basi. Hata dakika huimalizi."

Nilimjibu kwamba sisemi mbele ya ofisi ya watu maneno nisiyoyaelewa. Nimefundisha tangu mama yake hajaolewa, na sikuwahi kumruhusu mwanafunzi kukariri asichokielewa.

"Si lazima uelewe, Mjomba," alisema. "Kasuku naye haelewi, na watu wanamsikia."

Ghala zima lilicheka. Walicheka hata niliowafundisha. Mayunga alicheka mpaka akashika mizani.

Sikupanda kilimani.

Jumatatu, 26 Mei

Lori limepita likielekea vijiji vya juu. Halikupunguza mwendo.

Jumamosi, 31 Mei

Ghala limejaa. Kila kaya sasa inahifadhi pamba ndani. Mke wangu Veronica na mimi tunalala juu yake, na panya wamefanya njia chini yetu. Nimekataza kibatari ndani ya nyumba. Tunakula kabla jua halijazama, kama kuku.

Alhamisi, 5 Juni

Jana jioni yowe lilipigwa. Pamba ilishika moto nyumbani kwa Mwandu, cheche kutoka jikoni. Kila mtu alitoka na ndoo, na kabla giza halijaingia moto ulikuwa umezimwa. Nusu ya mavuno ya Mwandu imekuwa majivu.

Kila mtu alitoka isipokuwa mmoja. Tulimwona sote. Alikuwa juu ya mnara, na tochi yake imewaka kichwani.

Mayunga, ambaye ni mwenyekiti wa nzengo pia, alimhoji leo kwenye kikao. "Yaani ulikuwa unatutazama tukiungua, umekaa huko juu kama kunguru?"

"Nilikuwa nahangaika na mizani yenu. Nimejifunga kamba mbili, siwezi kuruka. Nilipofika chini mlishazima."

"Yowe halina kamba."

"Basi siku nyingine mpige yowe la kunisubiri," alisema Salvatory, na hapakuwa na aliyecheka. Alitazama huku na huku akitafuta wa kumsaidia. Nilikuwa nikimtazama, naye alinikuta.

Kanuni iko wazi. Asiyeitikia yowe hutozwa ng'ombe mmoja, ambaye nzengo humla. Mpaka atakapomtoa, ametengwa yeye na kaya yake. Hasalimiwi wala hajibiwi. Hachoti kisimani kwetu, hasagi kwenye mashine yetu. Akifiwa, anazika mwenyewe. Atakayepokea au kufikisha neno lake ametengwa pamoja naye.

Mayunga aliuliza kama kuna mwenye la kusema. Mimi ni mjomba, na desturi inampa mjomba nafasi ya kuombea. Kila mtu alisubiri. Nilisema kwamba kanuni haina wajomba, nikaandika hukumu.

Ng'ombe aliye katika kaya ile ni mmoja, jike la maziwa la Kwandu. Kwandu mwenyewe ana kifua kibovu tangu mwaka jana na chakula kigumu hakimpiti. Anaishi kwa maziwa hayo.

Veronica aliniuliza usiku, "Umeandika jina lake lote, au umeandika Salvatory tu?"

"Lote."

"Na la mama yake? Ng'ombe si wake?"

Jina la mama yake halikuwa suala la kikao. 

Jumatatu, 9 Juni

Upepo mkali. Vumbi hata ndani ya sukari.

Ijumaa, 13 Juni

Nyanjige, mke wa Salvatory, sasa anachota maji kwenye mchanga wa mto. Anafukua kwa kata, anasubiri yajae, anafukua tena. Wanawake wenzake wanapopita wanaanza kuimba ili wasimsikie akisalimia. Nilidhani ni ukatili wa kitoto, kisha nikakumbuka kwamba wanatii. Mtu akisikia salamu, ulimi humponyoka.

Jumatano, 18 Juni

Lori limepita tena.

Jumapili, 22 Juni

Kwandu alikuja kanisani. Alikaa benchi la nyuma, na benchi lote likamhama. Wakati wa kutakiana amani aliunyoosha mkono, akauacha hapo hewani kitambo, kisha akautumia kurekebisha kitenge chake.

Utotoni alikuwa akinibebea kitabu nikivuka mto, kwa sababu mimi niliogopa kukilowesha.

Jumamosi, 28 Juni

Leo asubuhi nilikuwa nikikata matawi ya minyaa kwa ndani. Nilisikia mtu anakuja upande wa pili. Alisimama mbele yangu kabisa; ua ulikuwa kati yetu na niliona kola ya shati lake.

"Mwangaluka, minyaa," alisema Salvatory, kwa salamu yetu ya asubuhi.

Niliacha kukata.

"Siongei na mtu. Mtu yeyote asije akasema nimeongea na mtu. Naongea na minyaa, na minyaa haimo kwenye kanuni."

Nilisikia anapumua.

"Minyaa, nimekwenda Bariadi. Nimegombana na ofisi nzima kwa ajili ya hii mizani. Wamekataa kuwarudisha watu kwenye anwani za zamani. Wanasema wakifanya hivyo kwa ukurasa mmoja watafanya kwa mia. Nimewapigia Maswa, wanataka katibu. Mwambie mzee aliye nyuma yako kwamba lile la kasuku lilinitoka tu. Nilitaka watu wacheke kwa sababu nilikuwa naogopa. Mwambie maneno ni yale yale: anwani mpya ya ukurasa wenu haijibu, ifuteni au iwasheni. Pamba ikiuzwa, watu watapoa. Wakipoa, Mwenyekiti atakubali mbuzi badala ya ng'ombe. Mama hawezi kuishi bila yule ng'ombe, minyaa. Wewe unajua."

Utomvu ulikuwa umenirukia mkononi. Utomvu wa minyaa huunguza, na ukigusa jicho hupofusha. Nilisimama nikiwa nimeushika mkono wangu mbali na uso.

"Haya," alisema. "Umenisikia vizuri. Hujawahi kunikatiza hata mara moja."

Akaondoka. Nilinawa mkono kwa mafuta, kisha kwa maji.

Jumatatu, 30 Juni

Nilimwuliza Mayunga, kwa mfano tu, itakuwaje mtu aliyetengwa akisema jambo la manufaa kwa wote.

"Umeongea naye?"

"Sijaongea naye."

"Basi hujasikia kitu." Akanitazama. "Mwalimu, wewe ndiye uliyetunyoosha. Zamani tulikuwa tunasamehe ovyo, leo huyu, kesho yule. Usianze kupinda sasa."

Ni kweli. Niliwanyoosha mimi.

Jumapili, 6 Julai

Baridi ya asubuhi. Pamba imeanza kuwa ya manjano pembeni.

Alhamisi, 17 Julai

Nyanjige alisimama barabarani akiomba mkokoteni wa kumpeleka Kwandu hospitalini. Hakumwomba mtu, aliomba tu, kwa sauti, akitazama juu. Mikokoteni minne ilikuwa wazi. Mwishowe Salvatory alimpakia mama yake kwenye pikipiki, akamfunga mgongoni kwake kwa khanga mbili kama mtoto, akaenda Bariadi polepole. Kichwa cha Kwandu kilikuwa kikigonga bega lake.

Walirudi jioni. Hawakumlaza, au hawakuwa na cha kulipia kulazwa. Sijui. Siruhusiwi kuuliza.

Ijumaa, 18 Julai

Nilifika nusu ya kilima. Nikageuka.

Jumanne, 29 Julai

Kwandu amefariki alfajiri. Tulijua kwa sauti ya Nyanjige. Huwa sauti moja huitikiwa na nyingine mpaka kijiji kizima kinalia. Hii haikuitikiwa.

Jumatano, 30 Julai

Salvatory alichimba tangu asubuhi. Udongo wa mbuga msimu huu ni kama tofali, na jembe lilikuwa likirudi juu lenyewe. Kwa kawaida wachimbaji huwa kumi na wawili na wanapokezana. Alipokezana na mkewe. Sisi wanaume tulikaa nje ya kaya zetu, kila mmoja kwake, kwa sababu kukaa ndani kungeonekana kama woga na kwenda kungekuwa kosa. Hivyo tulimtazama.

Katekista Joakim alikuja mpaka barabarani. Alisali akiwa amesimama hapo, kwa sauti ya kutosha kusikika lakini isiyotosha kuhesabiwa salamu. Kisha akafunga kitabu.

Walimteremsha wawili, mume kichwani na mke miguuni. Kaburi lilikuwa fupi. Mtu mmoja akiwa shimoni hawezi kupima vizuri. Kupima ni kazi ya aliye juu. Miguu ya Kwandu ilikataa kulala. Walijaribu kumkunja kidogo, wakaacha. Wakamtoa tena, wakamlaza kwenye mkeka juani, na Salvatory akarudi ndani kuongeza urefu. Nyanjige alikaa akimfukuza nzi.

Veronica alikuwa amesimama nyuma ya kiti changu.

"Nenda," alisema.

"Kuna kanuni."

"Si uliiandika wewe?"

"Ndiyo maana."

Aliingia ndani. Leo hakupika. Amehamishia mkeka wake chumba cha pili, juu ya pamba ya manjano, na mlango ameufunga kwa ndani.

Ijumaa, 1 Agosti

Nimepanda kilimani mpaka juu. Alipokea Justina.

Nilisema, "Anwani mpya ya ukurasa wenu haijibu. Ifuteni au iwasheni."

Aliniomba nirudie polepole ili aandike. Nilirudia. Nilisikia vitufe.

"Ni hilo tu, Baba? Fundi wetu yupo Shinyanga, kesho mchana anaingia ofisini. Ni kazi ndogo hiyo. Mbona hamkusema hivi tangu mwezi wa tano?"

Nilimwambia kwamba simu inakatika. Haikuwa ikikatika.

Jumamosi, 2 Agosti

Salvatory ametoa ng'ombe.

Alimleta mwenyewe asubuhi, yule jike wa mama yake, kwa kamba, mpaka uwanja wa nzengo. Akamfunga kwenye mti, akarudi nyuma akasimama na mikono mbele. Nyanjige hawezi tena kuchota mtoni. Ana mimba na inaonekana. Mayunga alitangaza kwamba kosa limekwisha, na kaya ile imerudi. Watu walimzunguka Salvatory wakimpa mkono na pole ya msiba. "Pole sana, ng'wanawane, mwanangu, mama alikuwa mtu wa watu." Walikuwa wakweli. Mwandu alilia kabisa.

Ng'ombe alichinjwa, akachomwa. Mimi kama katibu nilipewa ini. Nilikula. Lilikuwa laini, kwa sababu alikuwa ng'ombe aliyetunzwa.

Jua lilikuwa limeanza kuinama tulipoisikia mizani. Huwa inatoa mlio mrefu inapotuma. Ilitoa mmoja, ikatoa wa pili, na ikaendelea kulia, mizigo yote ya tangu Mei ikitoka kwa zamu. Watu walikimbia ghalani na nyama mikononi. Kwenye kioo cha mizani palikuwa na siku ya lori: Jumatano.

"Mnaona?" alipiga kelele Mayunga. "Si mnaona? Ng'ombe hajaisha mdomoni, mizani imefunguka! Mtu alikuwa ameifunga, sasa ameifungua. Adhabu imefanya kazi!"

Wakashangilia. Walimbeba Salvatory juu. Uso wake ulikuwa juu ya vichwa vyao na haukuwa na kitu.

Nilimvuta Mayunga kando, nikamweleza. Nilimwambia kwamba kosa lilikuwa Maswa tangu mwanzo, kwamba kijana hakuwa amefunga kitu, kwamba niliwapigia jana na fundi wao amerekebisha leo. Aliendelea kunyonya mfupa mpaka nilipomaliza.

"Ng'ombe tumeshamla, Mwalimu," alisema.

"Najua."

"Na hayo maneno uliyowaambia Maswa, uliyatoa wapi? Maana wewe si mtu wa mambo hayo." Alinitazama kwa upole. "Usinijibu. Ukinijibu itabidi tule na wa kwako."

Alinipigapiga begani kwa mkono wenye mafuta, akarudi kwa watu.

Jumatano, 6 Agosti

Lori limekuja. Pamba ya manjano imepokelewa daraja la pili. Nyumba ni tupu na sauti zetu zinarudi kutoka ukutani, tunapozungumza.

Ijumaa, 8 Agosti

Nanenane. Watu wamekwenda Nyakabindi kwenye maonyesho. Veronica amekwenda nao. Mimi nimebaki.

Jumatano, 13 Agosti

Salvatory ameshusha mnara. Anahamia Bariadi na mkewe. Mayunga alikwenda kumsihi: nani sasa atatuhudumia, mizani ya mwaka kesho itatuma kwa njia gani? Inasemekana Salvatory alimsikiliza kwa adabu, akamkaribisha kiti, na hakumwahidi kitu.

Alhamisi, 14 Agosti

Mawingu ya kwanza, hayana mvua.

Asubuhi Salvatory alipita akienda barabarani kungoja gari, begi mkononi. Nilimwona akitoka kaya kwa kaya kuaga. Alisimama kwa kila mtu. Kwa Mwandu alivua kofia. Kwa Joakim alikaa mpaka chai ikanywewa. Watu walimwitikia kwa furaha, na wanawake walimfunga Nyanjige khanga mpya kiunoni.

Nilikwenda kusimama langoni kwangu. Nilikuwa nimevaa koti. Nilikuwa nimetayarisha la kusema na nimelipanga vizuri.

Hakuja langoni. Alikwenda pale kwenye ua, mahali pale pale, akageuzia minyaa uso.

"Mwangaluka, minyaa," alisema. "Asante. Maneno yangu yalifika."

Alisubiri kidogo, kwa adabu, kama mtu anavyomsubiri mkubwa amwitikie. Kisha akainua begi.

Nilikuwa karibu naye kiasi cha kumgusa. Adhabu imekwisha, na hakuna kifungu kinachonizuia kumwitikia mpwa wangu. Lakini mtu huitikia salamu aliyopewa, na ile haikuwa yangu.